Nyumba Nane za Mikoroshoni

Husna, aliyeshika nafasi yangu, alinipigia simu kila siku kwa wiki mbili. Bomba la nyumba ya tatu linafungiwa wapi? Mpangaji akihama akaacha paka, paka ni wa nani? Mwishoni akasema, "Bi Somoe, andika tu yote, mimi na wenzangu tutasoma." Wenzake ni wale vijana wanaosimamia nyumba nyingine za kupanga huku kwetu Mikoroshoni, pembeni mwa mji wa Kibiti, ambako siku hizi kila uzio una wapangaji waliotoka mbali. Basi naandika. Anayetaka kujua nilipandaje cheo asijisumbue. Nilianza nikiwa msimamizi wa nyumba za kupanga, nikastaafu nikiwa msimamizi wa nyumba za kupanga. Kilichoongezeka ni miwani.

Mimi ni mzaliwa wa Nyamwage. Kabla ya Mikoroshoni nilifanya kazi Ikwiriri, kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi ya mabasi. Wageni wetu walikuwa wafanyabiashara wa mchele na ufuta, na madereva waliochoka. Mtu analala, alfajiri anaondoka, wewe unavua shuka na kutandika jingine. Sura yake umeshaisahau kabla basi halijawasha injini. Kazi ile niliijua sana, ndiyo maana siku ya kwanza Mikoroshoni nilijiona fundi.

Aliyenipokea alikuwa Bi Mwajuma, mwanamke mrefu, mkavu, aliyefunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kuhamisha kabati. Mwenye nyumba aliishi Dar es Salaam na alikuwa amemwachia kila kitu. Nyumba zilikuwa nane ndani ya uzio mmoja, ndogondogo, kila moja na baraza yake. Saba zilikuwa tupu; ya nane alikaa Bi Mwajuma. Nje ya uzio kulikuwa na visiki vya mikorosho na mchanga uliozamisha miguu hadi kwenye vifundo. Nilipoachwa peke yangu nikatandika kitanda cha nyumba ya kwanza vizuri kabisa, nikaweka kipande cha sabuni juu ya taulo na ndala mbili chini.

Bi Mwajuma akaja, akasimama mlangoni akitazama ile sabuni.

"Hii umemwekea nani?"

"Mgeni, bibi."

"Mgeni wa kukaa miaka miwili, na kipande hiki?"

Akanishika mkono, akanipeleka chooni. Akamwaga ndoo nzima ya maji kwenye sinki la choo, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza. Maji yalishuka, yakasita, yakakoroma, yakashuka tena. "Hilo litaziba mwezi wa pili," akasema. "Sabuni atanunua mwenyewe. Wewe hakikisha choo kinameza." Hilo ndilo somo langu la kwanza, na hadi leo nikiingia nyumba ya mtu nasikiliza choo kabla ya kusifia mapazia.

Nikamuuliza ni nani atakayekuja kuishi kule machakani. Akacheka. "Watu ambao kazi yao haikai mahali pamoja. Wanajeshi. Wapima ardhi. Watu wa nguzo za umeme. Mtu anashushwa Kibiti, kwao ni mbali, hajui atakaa miezi sita au miaka mitatu. Karibu na barabara kuu hapati usingizi kwa malori na muziki. Huku atalala, na akiitwa ghafla, dakika kumi yuko lami, aende Dar au aende Lindi."

Ikawa kama alivyosema. Wa kwanza kuja walikuwa wanajeshi. Niliwaogopa, naungama. Nilidhani watapiga kelele. Kumbe ni watu wa kufagia. Kuna mmoja aliyetandika kitanda chake vizuri hata nikaona aibu kwa miaka yangu yote ya Ikwiriri. Nilichojifunza kwao ni kwamba askari mwenye familia hatafuti nyumba ya kuishi, anatafuta nyumba ya kuiacha. Anauliza maswali yake akijua kwamba siku nyingi hatakuwepo. Maji yakikatika nani anashughulika? Mtoto akipata homa, hospitali iko umbali gani? Jirani ni nani? Ukiweza kumjibu hayo bila kusitasita, hatauliza hata rangi ya ukuta.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kulikuwa na fungu la funguo za akiba, kila mmoja na kibao cha mti wa mkoko chenye namba iliyochomwa kwa msumari wa moto. Bisibisi ya kupimia umeme. Mtaimbo wa kung'olea visiki. Na daftari kubwa ambalo Bi Mwajuma alilipiga mistari mwenyewe kwa rula: jina, kwao, kazi yake, mtu wa kupigiwa simu. Safu ya mwisho iliandikwa "maradhi". Hiyo niliikataa.

"Nitamuuliza vipi mtu mzima anaumwa nini?"

"Kwa adabu," akasema. "Na utaandika kwa siri. Nyumbani kwake kuna mama yake anayejua. Hapa hakuna anayejua ila wewe."

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza, na nalisimulia kwa sababu lilinigharimu baadaye. Kulikuwa na koplo nyumba ya tano, kijana mkimya. Siku mbili sikumwona. Pikipiki yake ipo, nguo zake zipo kambani. Nikapatwa na wasiwasi, nikachukua ufunguo wa akiba, nikafungua. Nimesimama katikati ya sebule yake, natazama picha za watoto wake ukutani, mlango ukafunguka nyuma yangu. Alikuwa amechukuliwa na gari la kazini na sasa amerudi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisema, "Mama, mimi kambini kila kitu changu kinakaguliwa. Hapa ndipo mahali pekee penye mlango wangu." Mwezi uliofuata akahama. Bi Mwajuma alinipeleka kumwomba radhi mbele ya mkewe kwenye simu, na akaniwekea sheria: hakuna kufungua mlango wa mpangaji bila kugonga mara tatu, bila kupiga simu, na bila shahidi. Niliishika sheria ile kama dua. Hata Bi Mwajuma alipostaafu akarudi kwao kulima mpunga, niliishika.

Miaka ikaenda. Visiki vikang'olewa, vikaja vifusi, bajaji zikaanza kufika hadi getini. Likafunguliwa duka la dawa, bucha, kinyozi, shule ya watoto wadogo. Wapangaji nao wakabadilika. Wakaja wauguzi wa chanjo, wajenzi wa madaraja, na dada mmoja mtafiti wa mikoko, aliyekuwa akishinda huko delta upande wa Nyamisati na kurudi jioni akiwa tope hadi kwenye nyusi. Aliniomba nafasi kwenye friji yangu. Nikadhani ni samaki. Zilikuwa chupa thelathini za tope, kila moja imebandikwa jina. Nimeosha friji nyingi maishani, lakini hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na tope la kuheshimiwa.

Sasa nije kwa Tumaini.

Alikuja wakati wa masika na mume wake, Sajini Lusekelo, watu wa Mbeya, na watoto wawili. Sajini alikagua maji, umeme na geti, akapeana mikono na kila jirani, na baada ya siku tisa akaitwa kikazi, mbali. Akamwacha mkewe nyumba ya pili. Tumaini hakutoka. Asubuhi anawapeleka watoto shule, anarudi, anafunga. Joto la kwetu lilimtesa, mbu wakamtesa zaidi. Akina mama wa mtaani wakimsalimia anaitikia kwa kichwa. Haikupita muda wakamwita Mama Pazia, kwa kuwa kitu pekee walichokiona nyumbani kwake ni pazia linaloshuka.

Nilijaribu. Nilimpelekea kambale wa kukaanga na wali wa nazi. Alishukuru, akarudisha sahani imeoshwa, na samaki ndani yake, mzima.

"Samahani mama," akasema, "huyu ana ndevu."

Nikamwambia hata marehemu mume wangu alikuwa nazo na nilimzoea. Hakucheka. Lakini siku hiyo aliniacha niingie, nikaona ukutani kitu ambacho sikukitarajia. Ilikuwa picha yake amevaa sare nyeupe ya uuguzi, na kofia.

"Ni wewe?"

"Nilikuwa." Akakaa. "Nimeacha kazi mara tatu, mama. Iringa nikaacha, tukahamishwa. Tabora nikaacha, tukahamishwa. Mara ya tatu nilikuwa nimeshapewa wodi ya watoto. Sasa sitaki tena kuanza. Kuanza si tabu. Tabu ni kuaga."

Mimi kazi yangu ilikuwa kuagwa.

Nyumba ya sita, mkabala na ya kwake, alikaa Mhandisi Deo, mtu wa Moshi, mnene, mcheshi, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa madaraja madogo ya barabara za ndani. Alikuwa na sukari, na alijichoma sindano mwenyewe kila siku. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye ile safu ya mwisho. Deo alikuwa na jambo moja alilosisitiza: asiguse mtu mlango wake, kwa sababu ndani kulikuwa na vyombo vya kupimia ambavyo vikisogezwa kidogo tu vinaharibika. "Bi Somoe," alisema, "hata nyumba ikiwaka moto, gonga kwanza."

Asubuhi moja gari la kazini likaja kumchukua, likapiga honi, likapiga tena. Dereva akasema labda bosi amelala kwa rafiki yake mjini, akaondoka. Mimi nilikuwa nafagia. Viatu vyake vya kazi vilikuwa barazani, vimeelekezwa nje, kama alivyoviweka kila jioni. Taa ya barazani, ambayo huizima alfajiri bila kukosa, ilikuwa inawaka juani. Nikagonga mara tatu. Nikapiga simu. Nikaisikia ikiita ndani, ikaita mpaka ikakata.

Nikaleta ufunguo wa akiba. Haukuingia. Ufunguo wake mwenyewe ulikuwa kwenye kitasa kwa ndani. Madirisha yana nondo, mapazia yamefungwa. Ilibaki kuvunja tu. Nilimwona yule koplo amesimama nyuma yangu, nikaona na vile vyombo vimesagika sakafuni. Nikasema, labda anaoga. Nikajua kwamba najidanganya, na bado nikasimama pale.

Pazia la nyumba ya pili likapanda. Tumaini akatoka na kanga begani.

"Kuna nini, mama?"

"Deo haitiki."

"Anaumwa nini huyu baba?"

Daftari lilikuwa siri. Hata hivyo nikasema, "Sukari. Anajichoma sindano."

Sura yake ikabadilika mbele ya macho yangu. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu aliyekuwa ameketi muda mrefu akainuka. "Vunja," akasema.

"Amekataza..."

"Vunja, mama! Mimi ndiye shahidi wako!"

Nikaenda stoo mbio nikaleta mtaimbo. Nikaupachika kando ya kitasa, nikasukuma kwa kifua. Mara ya kwanza mbao ililia tu. Mara ya pili mlango ukafunguka na mimi nikaingia pamoja nao.

Deo alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza. Shati limelowa jasho, pumzi inakoroma. Tukamwita, hajibu. Nikakimbilia jikoni kwake, nikakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, nikampelekea mdomoni. Tumaini akaupiga mkono wangu, maji yakamwagika.

"Usimmiminie! Hana fahamu, atapaliwa! Mgeuze ubavu. Una asali?"

Asali nilikuwa nayo. Nikaileta. Tumaini alikuwa tayari amekwishachukua kipimo cha sukari kilichokuwa mezani na kumtoboa Deo kidole. Akasoma, akatikisa kichwa: sukari ilikuwa imeshuka mno. Akachovya kidole kwenye asali, akampaka ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, kama anayempaka mtoto dawa ya vidonda vya mdomo. "Ita bajaji," akaniambia, "na uwaite wale wanawake, tumbebe."

Wale wanawake ndio waliokuwa wamekusanyika getini kusikiliza. Wanne wakaingia, wakashika shuka pembe nne, Tumaini akiwaelekeza, na kila alichosema walifanya. Ndani ya bajaji aliketi na kichwa cha Deo mapajani mwake, akaendelea kumpaka asali njia nzima. Mimi nilijibana kando ya dereva. Kwenye kituo cha afya wakamtundikia dripu. Hatukuwa tumemaliza kujaza karatasi, Deo akafumbua macho. Akanitazama.

"Mlango," akasema.

"Nimeuvunja," nikasema.

"Uligonga?"

"Mara tatu."

"Basi sawa," akasema, akafumba macho, na mimi nikalia pale pale mbele za watu.

Mganga wa zamu akauliza nani aliyempa asali. Nikamwonyesha Tumaini, aliyesimama mlangoni na kanga imelowa, tayari kuondoka. "Wewe ni muuguzi?" akamuuliza. Tumaini akasema, "Nilikuwa." Yule mganga akamwambia kituo kina wauguzi wachache na kesho ni siku ya kliniki ya watoto, kama anaweza kuja kusaidia tu, kupima uzito. Tumaini akasema atafikiria. Asubuhi nikamwona anapiga pasi sare nyeupe barazani, nje, mbele ya mtaa mzima.

Alianza kwa kujitolea, baadaye akapata mkataba. Watoto wa Mikoroshoni wakamjua kwa sindano na mama zao wakamjua kwa kutosahau jina la mtoto. Jina la Mama Pazia likafa, sijui hata lilizikwa lini. Mtaani kukiwa na maulidi, ndugu yangu Mkristo wa Mbeya huyo yuko nyuma ya nyumba na wenzake anachambua mchele. Kambale alimzoea, ingawa alidai tumkate kichwa kwanza.

Sajini aliporudi baada ya miezi mingi alisimama getini na begi lake, akamkuta mkewe anabishana na muuza samaki kwa lafudhi ya kwetu. Akanivuta pembeni. "Bi Somoe, shikamoo. Mke wangu mmemfanya nini?" Nikamwambia hatujamfanya kitu, tulivunja mlango tu. Nadhani hadi leo hajaelewa.

Miaka minne baadaye uhamisho ukaja, kama unavyokuja. Nilimwogopea Tumaini siku ile. Lakini alikuja ofisini kwangu, akakaa, akasema, "Mama, safari hii naenda na barua ya utambulisho ya kituo mkononi. Nitaanza tena." Walipoondoka, akina mama walijaza njia hata lori likashindwa kugeuza. Deo, ambaye mkataba wake ulikuwa haujaisha, aliomba ruhusa kazini aje kuaga. Alileta ndoo ya asali. Mlango wake aliutengeneza mwenyewe, na kitasa alichoweka kilikuwa kile kinachofunguka kwa nje hata kukiwa na ufunguo ndani. Tangu hapo nyumba zote nane zina kitasa hicho. Husna, ukiambiwa na fundi kwamba vya kawaida ni sawa, mkatalie.

Baada yao walikuja wengine wengi, na sitawataja wote. Wapo niliowakosea, wapo walionikosea. Sehemu kubwa ya kazi hii ni mabomba na balbu. Lakini katika mwaka wote huwa kuna siku mbili tatu ambazo mabomba na balbu havina maana, na siku hizo huwezi kuzijua mapema. Kwa hiyo sikilizeni vyoo, jazeni safu ya mwisho kwa adabu, na mjue ni nani kati ya wapangaji wenu anajua kufanya nini. Mimi niliishi na muuguzi umbali wa hatua ishirini na nikamwona mtu anayeringa.

Nilistaafu mwishoni mwa kipupwe. Siku chache baadaye simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa Sajini, ambaye naye amemaliza jeshi. Akasema wamenunua kiwanja Mikoroshoni, nyuma ya shule, nyumba imekwisha, wamehamia juzi kimya kimya ili wanishtue, na Jumapili natakiwa kwa chakula cha mchana bila kukosa. Nikamuuliza imekuwaje wakati Mbeya kuna baridi nzuri na ndugu zake wote. Akasema, "Tumekaa mikoa sita, mama. Tumaini alipoulizwa kwao ni wapi, akataja huku."

Nikaenda. Nyumba nzuri, choo kinameza. Walipika wali na samaki, na kichwa cha samaki wakaniwekea mimi. Watoto wamekuwa warefu kuliko mlango wa jiko. Tulipomaliza kula nikainuka, nikaanza kukusanya sahani. Nilikuwa nimeshashika tatu, Sajini akazichukua mikononi mwangu.

"Mama, kaa. Leo wewe ni mgeni."

"Hata maji nisikuletee?"

"Kaa."

Nikakaa. Jikoni nikasikia sahani zinagongana, Tumaini anacheka na binti yake. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwisho nikaiweka mapajani, ikatulia.